Kichwa cha Debe

Jumatano ile Evarista aliweka kiganja kwenye mbavu za punda mgeni, akafumba macho, akanyamaza. Punda alikuwa ametoka kupandishwa kilima cha kanisani akiwa na magunia mawili ya mahindi, moja kila ubavu, na sasa alikuwa akihema kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka. Kuna watu humtazama punda miguu, na kuna wanaomfungua mdomo wakamkagua meno. Evarista alikuwa na njia yake. Alisubiri asikie pumzi itarudi upesi kiasi gani mahali pake, na wakati wa kusubiri huko hakutaka kusemeshwa na mtu, hata angekuwa padri.

"Huyu amezaliwa na mzigo mgongoni," alisema hatimaye. "Huko kwenu mnamfanyisha kazi gani?"

"Anabeba mawe ya dhahabu, mama," alijibu Asukile, mwenye punda. "Toka shimoni mpaka kwenye mashine ya kusagia. Makongolosi gari haliingii kila mahali."

"Na jina lake?"

"Kokoto."

Evarista aliguna kwa kuridhika. Jina lilimkaa mnyama yule, mdogo wa umbo, wa kijivu, mgumu kila ulipomgusa. Asukile alikuwa amemleta kutoka Chunya kwa Fuso, safari ya siku nzima, ili aje ashindane Kalenga. Wala hakuwa mgeni wa kupita. Alikuwa kaka yake Tumpe, na Tumpe alikuwa mke wa Vitus, mtoto wa pekee wa Evarista, dereva wa malori ambaye barabara kuu ilimwona zaidi kuliko nyumba yake. Tumpe mwenyewe alikuwa amesimama hapo ameshika kamba ya punda, kimya, kama alivyozoea kuwa kimya mbele ya mama mkwe.

"Madebe matatu na nusu," Evarista alimwambia. "Wenzake watakaokimbia naye, matatu matatu. Yeye nusu zaidi. Wakitoka pamoja, watafika pamoja."

"Sawa, mama. Madebe ya kufuta?"

"Ya kufuta, mwanangu. Hapa si Uyole."

Tumpe aliinamisha uso akatabasamu. Utani huo aliukuta ukimsubiri tangu wiki yake ya kwanza ya ndoa. Siku hiyo mnunuzi wa mahindi alikuja kutoka mjini, Evarista akamwambia bibi harusi apime, na bibi harusi akapima kama alivyolelewa. Kwao Uyole, Mbeya, ambako baba yake aliuza viazi kwa magunia ya lumbesa yaliyotuna mpaka yakahitaji kushonewa kofia, debe si debe mpaka liote kichwa. Kalenga debe hujazwa, kisha hupitishwa fimbo juu ya mdomo wake, kinachozidi kikarudi kwenye lundo. Mnunuzi aliondoka akitabasamu peke yake njia nzima, na Evarista alikwenda kujilaza kitandani mchana kweupe. Tangu hapo kila debe lililopimwa katika nyumba ile lilipimwa na mkono wake mwenyewe.

Mkono huo ulikuwa na sifa yake, na Evarista hakuwa mtu wa kujifanya haijui. Ujana wake wote alikuwa mchuuzi wa mahindi. Alikuwa akiwapandisha punda wanne kutoka Kalenga hadi sokoni Iringa, na Iringa, kila aliyewahi kuiendea kwa miguu anajua, imekaa juu. Punda mmoja akichoka njiani, wote wanne wanasimama. Ndipo alipojifunza kumpa kila mnyama mzigo wa nguvu zake hasa, mwenye kifua kipana akaongezewa, mzee akapunguziwa, mpaka ikawa wanaingia sokoni wamebanana mlangoni na wafanyabiashara wanaacha mizani zao waje kutazama. Kigango kilipoanzisha mbio za punda za sikukuu ya mavuno, hapakuwa na haja ya kumtafuta mpima mizigo. Kila mbio zilikuwa na punda wanne kutoka vijiji vinne, kila punda na mzigo wa mahindi aliopangiwa, mwenyewe akikimbia kando yake bila fimbo. Kazi ya Evarista ilikuwa kuipanga mizigo hiyo kwa namna ambayo hakuna mtu, hata yeye, angejua nani atashinda.

Vijana ndio walioleta mkeka. Kuna seremala mmoja, Filemoni, aliyekuwa akipeleka milango mjini na kurudi na elimu ya kwenye vibanda vya kubashiri, ambako kuna runinga zinazoonyesha farasi wa nchi za mbali wakikimbia. Filemoni alirudi akieleza kwamba kule farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili dhaifu naye apate nafasi, na kwamba mtu huweza kutabiri washindi wa mbio kadhaa kwa mkupuo mmoja, na utabiri huo huitwa mkeka. Akikosea mbio moja tu, mkeka wote umechanika. Evarista alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hao wa farasi nani aliwafundisha mambo yangu?" Lakini mkeka ulipendwa. Kila mkeka ulilipiwa debe moja la mahindi, yakamwagwa kwenye turubai mlangoni mwa kanisa, na aliyetaja washindi wa mbio zote tatu alichukua lundo zima. Akikosekana, mahindi yalikuwa uji wa watoto wa chekechea. Padri aliuita mchango, vijana wakauita mkeka, na kila upande ulimwacha mwenzake na jina lake. Tangu ulipoanza hakuna aliyewahi kulichukua lundo lile. Kila mwaka mikeka ilichanika, watoto wakanywa uji, na Evarista alipita katikati ya watu shingo imenyooka.

Ila mwaka uliotangulia palikuwa na maneno. Punda wa Kalenga alishinda kwa mbali sana, na ingawa kila mtu aliona kwa macho yake kwamba punda wa Tosamaganga alisimama katikati ya mbio kula kabichi za bustani ya mtu, kabichi zilisahauliwa upesi na Kalenga ikakumbukwa. Kwa hiyo Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mbio, mwenyekiti wa kamati alifika nyumbani kwa Evarista na kukaa kwenye kigoda bila kukaribishwa mara ya pili. Alikuwa Liberatus, mtu mpole, ambaye upole wake ulimfanya atumwe kila penye ujumbe mchungu.

"Kamwene, Mama Vitus."

"Kamwene, mwenyekiti."

"Watu wanasema."

"Watu wana midomo."

"Wanasema punda wa shemeji yake Vitus atabebeshwa pamba." Liberatus alitazama mikono yake. "Mimi sijasema. Ila kamati imekaa. Wakilalamika tena mwaka huu, mizigo itagawiwa sawa kwa wote, hakuna kupanga. Nimeona uyasikie kwangu kuliko kuyasikia njiani."

Mizigo sawa kwa wote maana yake punda mwenye nguvu angeshinda kila mwaka mpaka afe, na hapo mtu yeyote mwenye fimbo na debe angeweza kuwa mpima. Evarista alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi, akaanza kuchambua maharage ambayo Tumpe alikuwa amekwisha kuyachambua. Aliumia. Si kwa kuitwa mpendeleaji, kwa maana hilo lingemchekesha, bali kwa kuona kwamba kitu alichokijenga kwa viganja vyake maisha yote kingeweza kuondolewa na watu wasioweza kutofautisha punda aliyechoka na punda mvivu.

Jumapili baada ya misa alisimama kwenye ngazi za kanisa kutangaza mizigo, bila karatasi, kama kawaida yake. Mbio za kwanza alizitaja kwa sauti kavu. Za pili pia. Alipofika mbio za tatu alisema Bodaboda wa Kalenga matatu, Sukari wa Nzihi matatu, Sista wa Tosamaganga matatu. Kisha akasema, "Kokoto wa Makongolosi, manne."

Hakuwa amepanga kusema manne. Au labda alikuwa amepanga tangu kwenye maharage. Umati ulinung'unika kwa kuridhika, Liberatus akatikisa kichwa kumpongeza, na Asukile, kijana wa watu, akapokea kwa adabu. Mtu mmoja tu alimtazama Evarista usoni. Tumpe alikuwa amesimama nyuma ya akina mama wa kwaya, akamtazama mara moja tu, na jicho hilo halikuwa na lawama ndani yake. Lilifanana na la mtu anayesoma bei, akagundua imebadilishwa. Evarista aligeuza uso akaulizia maji ya punda.

Uwanja ulijaa. Watu walitoka mpaka Iringa mjini kwa pikipiki, simu zikiwa juu, na wauza maandazi walikuwa na siku yao. Filemoni alikuwa amekaa juu ya benchi alilotengeneza mwenyewe, akiwaeleza waliomzunguka mpango wake.

"Mbio za kwanza nimechukua wawili, maana siwaelewi. Za pili nimesimama na mmoja peke yake. Huyo ndiye nguzo yangu, akianguka, nyumba yote iko chini. Za tatu nimechukua watatu. Wawili, mara mmoja, mara watatu, mikeka sita. Nimeacha punda mmoja tu."

"Umemwacha yupi?"

"Tufike kwanza."

Mbio za kwanza zilikwenda kwa mmoja wa wale wawili wake, kwa nusu hatua. Karibu nusu ya mikeka yote ikachanika hapo hapo, na watu wakachanika nayo kwa kicheko. Za pili zilikuwa za kukimbiza roho. Punda wote wanne walishuka mpaka darajani, wakageuka, wakapanda kilima wamefuatana pua kwa mkia, na nguzo ya Filemoni ikavuka mstari wa majivu mbele ya mwenzake kwa urefu wa ukwato. Evarista aliangalia mbio hizo kwa moyo mweupe. Zilikuwa kazi yake, safi, na hakuna aliyeweza kuongeza wala kupunguza.

Kabla ya mbio za tatu kulitokea kikwazo. Sista, punda wa Tosamaganga, alikuwa akichechemea, na ni Evarista aliyeitwa kumkagua. Kulikuwa na jiwe limejibana katikati ya ukwato, dogo lakini kaidi, na magunia ya mwisho yalikuwa bado hayajajazwa. Alitazama huku na huko, akamwona Tumpe. Alisita. Kisha akampa debe na fimbo.

"Jaza. Esnath atahesabu."

Esnath alikuwa mke wa katekista, mzaliwa wa Mbozi, upande ule ule wa kina Tumpe, aliyeaminiwa na kamati kwa kuhesabu kwa sauti iliyofika mpaka mtoni. Evarista, ameinama chini ya tumbo la Sista na kisu kidogo mkononi, alisikia hesabu ikiendelea nyuma yake: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Ilipofika moja, mbili, tatu, nne, moyo wake ulimchoma kidogo, naye akalikazia kisu jiwe lile kama ndilo lililosema manne.

Jiwe lilitoka. Alipokuwa akinawa mikono, alisikia watu wakimbana Filemoni awaambie punda aliyemwacha.

"Kokoto," alisema Filemoni.

"Yule ndiye mwenye nguvu kuliko wote."

"Ndiyo. Mimi simwangalii punda. Namwangalia Mama Vitus." Hakujua kwamba mwenyewe yuko nyuma yake. "Mama huyu ni mnyoofu mpaka inamponza. Tangu Jumatano, Asukile aliponiambia amepimiwa matatu na nusu, nilijua hawezi kuvumilia aambiwe amempendelea mkwe. Atamlemea tu, ili asemwe vizuri. Na leo asubuhi si mlisikia? Yule punda ana nusu debe ambalo si lake. Hilo nusu debe ndilo nililoliwekea mahindi yangu."

Walicheka. Evarista alibaki na mikono inayochuruzika maji. Seremala alikuwa amempima. Alikuwa ameweka kiganja chake mbavuni mwake na kusikiliza, akamjua pumzi. Sasa lundo la mahindi lilikuwa likienda kwa mtu aliyekisia kwamba Evarista, siku akiogopa, atadanganya, na watoto wa chekechea wangekosa uji kwa sababu hiyo hiyo. Alipiga hatua mbili kumwelekea Liberatus, aseme mzigo upunguzwe. Hatua ya tatu haikuja. Mizigo ilikwisha kutangazwa kanisani, mikeka ilikwisha kulipiwa, na punda walikuwa wakisogezwa kwenye mstari.

Filimbi ilipulizwa.

Kushuka kilima, Sukari alitangulia, mwepesi, masikio yamelala. Kokoto alikuwa wa mwisho, na Evarista aliona alichotegemea kukiona, punda anayekwenda kwa adabu ya mzigo mzito, bila haraka. Darajani waligeuka. Hapo ndipo kitu kilipomshangaza. Sukari alipunguza mwendo mapema kuliko inavyopaswa. Bodaboda naye, ambaye kwa madebe matatu angekuwa akicheza, aliinamisha shingo na kuanza kuvuta. Kokoto hakuongeza kasi hata kidogo. Wenzake ndio waliorudi kwake. Katikati ya kilima wakawa wanne mstari mmoja, wenye punda wakikimbia kando yao wakiwabembeleza kwa Kihehe na Kinyakyusa, vumbi jekundu likiwafunika wote mpaka magotini. Kwa muda ule mrefu wa kupanda, kilichosikika ni pumzi za punda tu, na Evarista, anayezijua pumzi, alizisikia nne zikitoka kwa pamoja.

Tangu siku zake za sokoni alikuwa akiota kuona hivi. Machozi yalimjia bila ruhusa.

Waliingia kwenye majivu wote wanne, na wazee waliokuwa wamechuchumaa pande mbili za mstari walitazamana, wakainuka, wakaenda kunong'onezana na Liberatus. "Kokoto," alitangaza mwenyekiti. "Kwa urefu wa sikio." Kelele zilizopanda hapo zilisikika ng'ambo ya mto. Asukile alimkumbatia punda wake shingoni akawa anamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, kama vile punda ndiye aliyemlea.

Filemoni alishuka kwenye benchi. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu anayejua mbao zake na ameona mlango umekataa kuingia.

"Mwenyekiti, mimi nina mikeka iliyofika mbio za tatu. Naomba magunia yapimwe."

Ilikuwa haki yake. Magunia yalianza kushushwa, na Evarista akaenda kusaidia kwa sababu mikono yake haikujua kukaa. Alishika la Bodaboda. Akalishusha, akalitazama. Akashika la Sukari. Mikono iliyopandisha mahindi Iringa ujana mzima haihitaji mizani, na mikono hiyo ilimwambia kwamba mle ndani mlikuwa na zaidi ya madebe matatu, si kwa wingi, labda nusu. La Sista vilevile. Alipofika kwa Kokoto alikuta madebe manne kamili, ya kufuta, bila punje ya ziada.

Tumpe alikuwa akimpa Kokoto maji kwenye beseni. Evarista alimsogelea mpaka mabega yakagusana.

"Ulipima nini wewe?"

"Madebe matatu matatu, mama. Na manne."

"Ya wenzake uliyapa vichwa."

"Ndiyo."

"Na ya kaka yako ukayafuta."

"Ndiyo, mama." Tumpe hakuinua uso kutoka kwenye beseni. "Vichwa vitatu ni nusu debe. Nikawaongezea wote nusu uliyomwongezea yeye. Nilirudisha ulivyopima Jumatano, kabla hujaogopa."

Hasira ilimpanda Evarista, tena tele. Mtoto wa watu ameingia kwenye kazi yake bila hodi, mbele ya kanisa, kwa debe lile lile la Uyole alilomcheka nalo.

"Ulitaka kaka yako ashinde."

"Kaka yangu akishindwa anarudi Makongolosi kubeba mawe," Tumpe alisema taratibu. "Wewe ndiye ungebaki hapa, mama. Na hilo nusu debe."

Hasira ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa. Liberatus alikuwa akiita. Watu walikuwa wamefanya duara, turubai lingine limetandikwa, na debe limewekwa katikati likimsubiri mpima. Evarista alijua kwamba akiyafuta madebe yote, ziada itaonekana na mkwewe ataitwa mwizi. Alijua pia kwamba mkono wake, ukitaka, ungeweza kulijaza kila gunia lilivyojazwa, hili kwa kichwa, lile kwa fimbo, haraka haraka, na hakuna jicho ambalo lingeuwahi. Akalichukua debe, akarudi nalo mpaka kwenye beseni, akamkabidhi Tumpe mbele ya watu wote.

"Pima. Yote ya kufuta. Polepole, waone."

Tumpe alipima. Gunia la Bodaboda lilitoa matatu, na ya ziada yakajaa debe mpaka nusu. La Sukari hivyo hivyo. La Sista hivyo hivyo. La Kokoto likatoa manne, likaisha. Minong'ono ilianza kabla ya gunia la pili, na kwenye la mwisho ilikuwa kelele. Liberatus aliinua mikono, akamgeukia Esnath.

"Wewe ulihesabu."

"Nilihesabu matatu, matatu, matatu na manne," alisema Esnath, ameudhika. "Kwetu debe lina kichwa. Mimi nilichoona ni huyu mtoto anampunja kaka yake, nikajisemea ni kuona haya tu."

Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Evarista aliingia katikati ya duara. Alisema kwa sauti ile ile ya ngazi za kanisa.

"Jumatano nilimpima Kokoto nikakuta matatu na nusu. Leo asubuhi nikawatangazia manne. Hiyo nusu haikuwa ya punda, ilikuwa ya midomo yenu. Niliiogopa. Mlichokiona kilimani ni kile nilichokipima nikiwa sina woga." Alimgeukia seremala. "Filemoni, umewekea mahindi yako woga wangu. Ulinijua vizuri. Kama unaona una haki ya lundo hili, lichukue sasa hivi watu wakiona."

Filemoni alijikuna kidevu. Alilitazama lundo, akawatazama punda wanne ambao bado walikuwa wakihema kwa pamoja, akamtazama Tumpe muda mrefu.

"Mama mkwe nilimsoma," alisema hatimaye. "Mkwe sikumsoma. Mkeka wangu umechanika kihalali, na hakuna mwingine uliobaki. Watoto wanywe uji." Akaenda kukaa kwenye benchi lake, na hapo watu wote wakacheka, hata waliokuwa wamekunja uso.

Lakini Liberatus hakuwa amemaliza. Kwa upole wake wote, alikuwa mtu wa kutaka jambo liwe na mwenyewe. "Mama Vitus, kamati itaniuliza. Mbio hizi za tatu, ambazo hatujawahi kuona mfano wake hapa, nani alizipanga? Ni wewe, au ni mkweo?"

Jibu lilikuwa karibu, na lingekubaliwa na wote: ni mimi, nilipima Jumatano. Lingekuwa hata na ukweli ndani yake. Evarista aliwaza pumzi zile nne zikipanda kilima kama pumzi moja, kitu alichokitamani miaka yote na kukikaribia bila kukifikia, na akaona wazi kwamba siku kilipofika, mkono wake ulikuwa chini ya tumbo la punda ukichokonoa jiwe. Ilimuuma. Chini ya maumivu hayo, akashangaa kukuta kitu kingine kimekaa kimetulia, kipana kuliko fahari yoyote aliyowahi kuingia nayo sokoni.

"Ni yeye," alisema. "Mimi niliwapima punda tu. Yeye amewapima punda, akanipima na mimi, na hakukosea hata mmoja wetu."

Wanawake wa kwaya ndio walioanza vigelegele. Duara likavunjika likamzunguka Tumpe. Wenye punda wa vijiji vingine walikuwa wakimvuta mkono aje atazame wanyama wao, Esnath akimshika kiuno akimwambia kila mtu kwamba ni binti wa Mbeya, na Asukile akicheka peke yake. Tumpe alikuwa amesimama katikati ya watu wale wote, debe mkononi, hajui aliweke wapi.

Evarista alibaki na punda. Akaweka kiganja mbavuni mwa Bodaboda, akasikiliza. Pumzi zilikuwa zinarudi.

Kijana mmoja alifika akitweta, kofia ya pikipiki bado kichwani, simu ameitanguliza mbele. Alisema anatoka redio moja ya mjini, amechelewa, njia ilikuwa na lori limekwama. Aliulizia mbio, akaulizia mshindi, kisha akamtazama vizuri mwanamke aliyeegemea punda.

"Samahani, mama. Nimeambiwa kuna mama anayepima mizigo, maarufu sana. Ni wewe?"

"Hapana," alisema Evarista, akamwonyesha kwa kidevu. "Mpima mizigo ni yule pale, mwenye debe."

"Na wewe nikutaje kama nani?"

Evarista alijinyoosha, akajifunga khanga yake upya kiunoni, akasubiri mpaka simu ikawa karibu na mdomo wake.

"Mama mkwe wake," alisema. "Nitaje hivyo hivyo."